Jenereta ya Dorika na Msiba wa Mzee Andrea

Imetamkwa rasmi, mbele ya wananchi na viongozi wa dini zote mbili, kwamba hakuna mgao wa umeme. Kilichopo ni maboresho ya miundombinu, na maboresho, kwa asili yake, hufanyika umeme ukiwa umezimwa. Ikaongezwa kuwa wanaonunua majenereta na kuyaweka majumbani wanatia wenzao hofu bila sababu, kwani enzi za mtu kuhitaji jenereta nyumbani zimepita. Wananchi walipiga makofi. Tamko hilo lilitolewa siku ya Alhamisi, mchana, kwenye kiwanja cha mpira cha kitongoji kimoja nyuma ya Shelui, na ni vema likachukuliwa kwa uzito wake.

Si mbali na kiwanja hicho anaishi Dorika, mjane wa makamo, mkulima wa alizeti na mfugaji wa kuku, ambaye wakati ananunua jenereta yake mwaka jana alikuwa bado hajapata bahati ya kulisikia tamko.

Sababu alikuwa nayo. Mdondo ulipita ukafagia kuku wa kitongoji kizima, hata watu wakawa wanaamshwa alfajiri na honi za malori badala ya majogoo. Dorika alibakiwa na majike mawili na jogoo mmoja wa kishingo, wale kuku wenye shingo tupu isiyo na nyoya, ukoo alioachiwa na mama yake. Akanunua mashine ya kutotolesha vifaranga, boksi lenye feni na kioo kidogo cha kuchungulia, akaiweka chumbani kwa mwanawe Joshua, ambaye anafanya kazi Dodoma na hana matumizi na chumba. Mashine hiyo haifuati hotuba. Inataka joto lilelile usiku na mchana. Mayai ya kwanza yalipokaribia kuanguliwa, umeme ulikatika asubuhi ukarudi kesho yake. Dorika akayapasua moja moja nyuma ya nyumba ili aone yamefia hatua gani. Hakulia. Alikasirika, na hasira ya Dorika hudumu kuliko vitu vingi vilivyojengwa kwa fedha za umma katika eneo lile.

Aliondoka kwenda Singida mjini na kapu. Ndani ya kapu mlikuwa na pasi ya umeme. Dukani muuzaji alimwonyesha jenereta nyekundu, nzuri, yenye maandishi makubwa ya nguvu zake, akaibeba kwa mkono mmoja kuonyesha ilivyo rahisi kuhamisha.

"Ndiyo maana siitaki," Dorika akasema. "Jenereta inayobebeka hivyo ndani kuna nini?"

"Mama, hii ni teknolojia."

"Iwashe."

Ikawashwa. Dorika akatoa pasi kwenye kapu, akachomeka. Teknolojia ikakohoa mara mbili ikazima. Muuzaji akasema pasi ndiyo mbovu. Akaleta ya pili, ile ya kuchanganya oili na petroli kwenye tangi moja, na pasi ikaiua vilevile. Ya tatu ilitolewa stoo kwa shingo upande, nzito, oili yake inakaa mahali pake, na haina rangi ya kuvutia. Ilinguruma, pasi ikapata moto, Dorika akainyoosha kanga yake palepale juu ya kaunta, taratibu, mpaka wateja wengine wakaanza kuuliza kama hapo ni kwa dobi. Akauliza kama plagi yake inapatikana Shelui. Akaambiwa inapatikana. Akanunua.

Nyumbani aliijengea kibanda cha matofali mbali na madirisha, kwa sababu moshi wake huua waliolala. Fundi Paskali akamfungia swichi ya kubadilishia, ili umeme wa jenereta usirudi kwenye nguzo na kumkuta mtu aliyepanda juu kuboresha. Kila Jumamosi aliiwasha kidogo hata kama umeme upo, kama mtu anavyomwamsha mlinzi kuhakikisha bado anaamka.

Kitu kimoja hakukipigia hesabu. Kwa watu wale, chombo chochote chenye manufaa kikishaingia kwenye nyumba yako, nusu yake ni mali ya msiba. Turubai, masufuria makubwa, sasa jenereta. Mtu akija kukuambia "tumepatwa," humuulizi maswali, unatoa. Dorika alitoa. Mumewe alipofariki watu walimtolea vyao, naye hakuwa mtu wa kusahau. Msiba wa kwanza ilirudi salama. Msiba wa pili mjumbe wa kamati ya mazishi aliona oili imepungua, akaongeza kutoka kwenye galoni lililokuwa karibu. Galoni lilikuwa la mafuta ya alizeti, yaliyokamuliwa wiki ileile, masafi kabisa. Jenereta ilirudi ikinukia chapati. Paskali alipoifungua alikuta ndani mmegeuka gundi.

"Ila ni mafuta mazuri," Paskali akasema. "Hayana lehemu."

Dorika hakucheka. Aliisafisha upya kwa jasho lake, akaendelea kutoa. Msiba ni msiba.

Mwaka huu jogoo wa kishingo aligongwa na lori kwenye barabara kuu, na majike yalikuwa yamezeeka. Mayai yaliyokuwamo kwenye mashine siku hiyo ya Alhamisi yalikuwa ya mwisho yenye mbegu ya yule jogoo. Yakiharibika, kuku wa mama yake wamekwisha duniani. Asubuhi ile Dorika alitega sikio kwenye kioo akasikia vifaranga wanalia ndani ya maganda, sauti ndogo kama ya viatu vipya. Umeme ulikuwapo.

Ndipo akaingia Antipasi, mwenyekiti wa kitongoji, mdogo wa marehemu mumewe, na guta la kubebea mizigo nyuma yake.

"Shemeji, tumepatwa."

"Na nini, shemeji?"

"Mzee Andrea. Alfajiri."

Dorika akakaa chini. Mzee Andrea ndiye aliyemchimbia mumewe kaburi. Akauliza mazishi lini, akaambiwa wanasubiriwa watoto kutoka Mwanza.

"Mayai yangu yako mlangoni kutoka," akasema. "Umeme ukikatika?"

"Leo hawawezi kukata, shemeji." Hakueleza kwa nini.

Jenereta ikapandishwa kwenye guta. Dorika akapeleka habari kwa jirani yake Yasinta, Yasinta akazipeleka kwingine, na baada ya muda wanawake wakawa wamekusanyika na unga, maharage na kuni. Dorika alikuwa anafunga kanga kiunoni aliposikia feni ya mashine inasimama. Akaifunika mashine kwa mablanketi yote ya nyumba, lile la Joshua likiwemo, akasema atakwenda aonyeshe uso, awaombe wafiwa radhi, arudi na jenereta. Marehemu angeelewa.

Yasinta ana sauti. Alianza kulia tangu kwenye uzio wa minyaa, kama inavyotakiwa, na wenzake wakampokea. Mlango ukafunguliwa. Akatoka Mzee Andrea, kiazi mkononi.

"Kafa nani?"

Kilio kikakatika. Shikamoo zikatoka moja moja, kwa sababu hata mtu uliyekuja kumzika huwezi kuacha kumwamkia.

"Marahaba. Nimeuliza kafa nani."

"Tumeambiwa ni wewe, baba," Dorika akasema.

Mzee Andrea akatafuna, akafikiri. "Nani kasema?"

"Mwenyekiti."

"Huyo hata watu wa mbolea ya ruzuku huwa anakosea kuwahesabu." Akautazama mzigo wa wanawake. "Na huo unga?"

"Wa msiba, baba."

"Basi msirudi nao. Ni mkosi."

Hapo ndipo upepo ulipoleta sauti kutoka kiwanjani, sauti nene ya kiume inayowasalimia wananchi kwa jina la kila kitu. Dorika akasikiliza. Umeme ulikuwa umekatika kitongoji kizima, na spika ilikuwa inaongea. Akatua kuni alizobeba. Yasinta baadaye alisema uso wa Dorika wakati ule ulikuwa umetulia kama wa mtu anayesoma, na kwamba hapo ndipo yeye alipoogopa.

Kiwanjani palikuwa na hema, viti vya plastiki na mgeni rasmi, ambaye alikuwa amekwisha kutamka lile la mgao na lile la majenereta, na makofi ndiyo kwanza yalikuwa yanatulia. Nyuma ya hema, juu ya matofali mawili, jenereta ya Dorika ilikuwa inanguruma vizuri sana. Dorika alipita katikati ya viti mpaka kwa Antipasi.

"Mwenyekiti, marehemu anakusalimia."

"Shemeji, tutazungumza baadaye."

"Anauliza utamzika saa ngapi."

"Shemeji, mgeni yupo."

"Na aibu ilikuwapo, mkaiuza mkanunua nini? Umenilia msiba. Mtu mzima, umekuja kwangu umeinamisha kichwa, umenilia msiba wa mtu anayekula kiazi."

Dorika akazunguka nyuma ya hema, akafunga koki ya mafuta, akazima. Mgeni rasmi alikuwa anasema "na uhakika huo," akaishia hapo. Akagonga kipaza sauti kwa kidole, akakitazama, kama kila mtu anavyokitazama kikifa.

Mtu akasema kutoka nyuma, kwa upole, "Ni maboresho, mheshimiwa."

Waliocheka walificha midomo. Walioacha kucheka ghafla ni wale waliomwona Mzee Andrea anaingia kiwanjani akikokota baiskeli, maana habari za kifo chake zilikuwa zimefika kabla yake. Alisema amekuja ili aonekane. Jenereta ikafungwa kwa kamba za mpira kwenye keria ya baiskeli yake, naye akaisukuma mpaka nyumbani kwa Dorika, wanawake wakiishikilia pande zote mbili, na watu njiani wakimwamkia marehemu kwa heshima isiyo ya kawaida.

Mayai mengi hayakupona. Yaliyopona yalianguliwa usiku ule, na vifaranga walipokauka, wanane walikuwa na shingo tupu. Jogoo yumo.

Antipasi alikuja Ijumaa. Dorika hakumkaribisha kiti.

"Ningekuomba kwa ajili ya mkutano, ungenipa?"

"Nisingekupa."

"Sasa ningefanyaje, shemeji?"

"Ungemwambia mgeni wako apaze sauti."

Hasira hiyo haijaisha hadi leo, na anayetegemea iishe hamjui Dorika. Jenereta bado anaitoa kwa wafiwa, bila maneno. Ila siku hizi huenda kwanza mwenyewe kumwona aliyekufa.

Umeme ulirudi Jumapili, ibada ya pili ikiwa katikati. Wiki iliyofuata mtumishi mmoja alitumwa kutoka ofisi iliyomleta mgeni rasmi, akaja kumuuliza Dorika ile jenereta aliinunua duka gani. Dorika alimwelekeza, akamwambia aende na pasi.