Siku Menza Alipoketi

Menza wa steji ya Gede hajawahi kumaliza kikombe cha chai akiwa ameketi. Hukinywa amesimama, mguu mmoja juu ya pikipiki, jicho barabarani, utadhani abiria wote wa Kilifi wameahidiana kupita saa hiyo. Amekata mawe kwenye timbo, akaacha. Amefagia hoteli Watamu, akaacha. Hata usingizini, mamake husema, hulala kama mtu anayengoja kuitwa. Mimi ni mjomba wake, na damu hiyo, niaminini, haikutoka upande wetu.

Basi kijana huyu anamtaka Nyevu, binti wa Mzee Gerishom wa Ganze. Kwetu posa haiendi mikono mitupu, tunapeleka dumu la mnazi, ile tembo ya kugema. Na kabla wazee hawajaonja, babake binti humuuliza mwanawe mbele ya watu, "Tunywe?" Akikataa, mnazi unarudi.

Mara ya kwanza tulipokwenda, mazungumzo ndiyo kwanza yanaanza, simu ya Menza ikalia, akatoka mbio kumpeleka mteja. Nyevu alipoulizwa akasema, "Mtu asiyeweza kukaa siku ya posa yake, kwangu atakaa lini?" Tukarudi na dumu limejaa. Tulilimaliza wenyewe, kwa huzuni kubwa.

Mzee akakubali turudi mara moja tu, basi.

Asubuhi ya safari, pikipiki ikawa inatoa oili. Si nyingi, tone hapa, tone pale, chini ya kile kifuniko cha upande wa klachi. Fundi Ochola akakifungua, akakata gasketi mpya kwa karatasi ya boksi, akapaka silikoni, ile gundi ya kuzibia, akafunga nati. Tyubu iliyobaki akanipa mimi, si Menza. Anamjua.

"Iache ikauke," akasema. "Usiiwashe."

"Kwani hii ni saruji?" akauliza Menza. Ochola alipogeuka kunawa mikono tu, akapiga kiki. Nami, mjinga wa pili, nikapanda nyuma nimekumbatia dumu.

Tumeacha lami, tumeingia vumbi la kwenda Ganze, nikahisi joto mguu wa kulia. Suruali yangu ya kanisani!

"Menza, simama. Naoga oili huku."

"Tone tu hilo, mjomba. Tutafika."

"Sisi tutafika. Injini je?"

Akasimama. Pale palikuwa na vichaka na magunia ya makaa yasiyo na mwenyewe, basi. Ndani ya dumu mnazi umeanza kuchacha, povu linasukuma makumbi tuliyozibia. Menza akaenda mbele, akarudi, akatazama jua, akapiga tairi teke. Kisha akachukua spana akazikaza nati kwa hasira. Silikoni mbichi ikafinyika nje kama dawa ya meno, na oili ikazidi.

"Hongera," nikamwambia.

Ikabidi tushushe dumu, tufunge petroli, tuilaze pikipiki ubavu wa kushoto ili oili ikimbilie upande wa pili. Akafungua kifuniko. Bahati, gasketi ya Ochola ilikuwa nzima. Akafuta kwa petroli na fulana yake, akapaka silikoni upya, nyembamba, akarudisha nati, anakaza ya huku, kisha ya ng'ambo, polepole. Kazi anaiweza, sikatai. Shida ni baada ya kazi.

Alipokwenda kichakani kidogo, nikachomoa plagi ya injini, ambayo bila hiyo haiwaki, nikaitia mfukoni.

"Mjomba! Plagi iko wapi?"

"Mahali pazuri."

"Jua linakwenda! Mnazi unaharibika! Nyevu atakataa!"

"Mara ile alikataa kwa sababu ya mnazi? Keti."

Akaketi. Nasema aliketi, lakini magoti yalikuwa yanacheza ngoma yao. Aling'oa nyasi zote zilizomzunguka, mbuzi angepita pale angelia. Akainuka, akaketi. Akanyoosha kidole kuigusa silikoni, nikampiga mkono. Akaanza kunihesabia magari, na hakukuwa na gari. Kivuli cha pikipiki kilipohamia upande wangu, nikamruhusu aiguse. Haikunata. Nikampa plagi yake.

Tulipofika Ganze wazee walikuwa wameshanuna.

"Shikamooni."

"Marahaba." Kavu, kama mtu anatema mbegu.

Mzee Gerishom akalitazama lile dumu linalotoka povu, akamgeukia binti yake. "Nyevu, mwanangu. Watu wako wamechelewa. Tunywe?"

Nyevu kwanza akanigeukia. Akaniuliza mimi. "Mjomba, mlikuwa wapi?"

"Njiani. Tulikaa tukingoja silikoni ikauke."

"Mlikaa nyote?"

"Sote."

"Hata Menza?"

"Ziulize nyasi."

Menza alikuwa amesimama mlangoni, anahamisha uzito mguu hadi mguu. Nyevu akamwendea, akamgeuza viganja. Kucha zina oili, vidole vimekuwa kijani. Akavitazama sana. Kisha akacheka, akamvutia kigoda.

"Nyweni, baba," akasema. "Lakini huyu anywe ameketi."