Muuguzi Aliyepeleka Barua kwa Mkono

Marlys Haugen alikuwa mbishi. Miaka kumi na tisa nilikaa naye pale kliniki, mimi mapokezi, yeye muuguzi, na sikumshinda hata siku moja. Sheria ya jimbo letu ilisema msichana aliye chini ya miaka kumi na minane hatolewi mimba mpaka mzazi aarifiwe kwa barua, kisha zipite saa arobaini na nane. Kliniki nyingine walituma barua za rejista, wakamaliza. Marlys alipeleka mwenyewe. "Barua kama hii mtu asiisome peke yake," alisema. Basi theluji ikimwagika, twende, mimi dereva na shahidi, nikinung'unika njia nzima.

Februari moja alikuja Britta, miaka kumi na sita, mama yake marehemu. Marlys alimsomea maelezo yote yanayotakiwa na sheria, neno kwa neno, naye akasaini kwamba ameelewa na ameamua mwenyewe. Tulipofika kwenye habari ya baba, akairudisha kalamu mezani.

"Alimfukuza dada yangu kwa kosa hilihili. Miaka minne hajalitaja jina lake. Atanitoa na mimi, niende wapi?"

"Sheria inakuruhusu umwombe jaji, baba asiambiwe," Marlys akasema.

"Jaji anaimba kwaya moja na baba."

Wilaya yetu ukikohoa huku, kule wanakuuliza umekunywa dawa gani.

Basi ikabaki barua tu, na Britta akakubali mradi Marlys aipeleke mwenyewe. Tukaenda naye. Britta alijikunyata kiti cha nyuma, sisi wawili tukagonga mlango. Arvid Nygaard, mkata miti, pande la mtu, aliisoma barua palepale mlangoni, buti zake zikichuruzika maji. Akairudia. Nikaona shoka pembeni, nikasema moyoni, leo Marlys umeniponza.

"Hizi saa arobaini na nane," akauliza, "zinaanza lini?"

"Ukishasaini, Bwana Arvid. Andika na saa."

"Sasa ni saa kumi jioni. Nikiandika saa mbili asubuhi ya leo?"

"Haiwezekani."

"Kwani utapungukiwa nini, mama? Mtoto apunguziwe kungoja."

"Nitafungwa. Na huyu Doreen wangu wa mapokezi hajui kupika, nani ataniletea chakula jela?"

Arvid akacheka kidogo, kisha macho yakamjaa machozi. "Basi lete kalamu. Upesi." Akasaini kwa haraka hata jina likatoka limepinda. "Yule mkubwa nilimfukuza kwa mdomo wangu mwenyewe, na kiburi kikanizuia hata kumpigia simu. Britta yuko wapi?"

Marlys akamwonyesha gari kwa kidevu.

Alitoka bila koti katika baridi ile. Britta alipomwona anakuja akafunga milango yote kwa ndani. Arvid hakugonga, hakugomba. Alichuchumaa kwenye theluji, usawa wa dirisha, akasema kwa sauti niliyoisikia kutoka barazani:

"Keshokutwa nitakupeleka mimi mwenyewe. Halafu tutarudi wote nyumbani. Shuka mwanangu, utaugua kwa baridi humo."

Miguu yangu iliganda, lakini sikuthubutu kusogea. Kisha mlango wa gari ukafunguka, na mimi, mtu mzima na meno yangu ya bandia, nikamshika Marlys bega nikalia kwa faraja.