Mama Mukubwa Katikati ya Mawingu

Ninajifunza kutengeneza katuni hapa mjini Baraka, na mpaka leo sijui kama nicheke au nijifiche. Zoezi letu lilikuwa kutengeneza utangulizi kama ule wa filamu za mfululizo za televisheni, wenye sura na majina ya wachezaji. Mimi nilimchagua Mama Mukubwa, dada ya mama yangu, aliyenilea. Yeye alikuwa ameenda mji wa Mboko kununua ndagala, wale dagaa wa ziwani. Niliweka sura yake kwa rangi nyeusi na nyeupe, ikapanda polepole kati ya mawingu, jina lake liking'aa kama dhahabu, kinanda kikilia. Nikaituma video hiyo kwa majivuno kwenye kundi la kanisa la simu, bila neno lolote.

Niliporudi nyumbani nilikuta bamama wa kwaya wametandika mikeka uani, wanaimba. Mmoja akanikumbatia.

"Pole, mutoto wangu."

Ndipo nikakumbuka kwamba kwetu, muntu akifa, tunamtangaza hivyo hivyo kwenye simu: mawingu, kinanda na jina. Badala ya kusema ukweli, nikakaa mkekani, nikainamisha kichwa kama yatima.

Pikipiki ikasimama. Mama Mukubwa akashuka na beseni lake la ndagala.

"Nani alikufa?"

Bamama wakamwonyesha simu. Alipoelezwa, akawatazama wote, akafuta macho.

"Batu bote hii banalia juu yangu? Aksanti Mungu, nimeona kilio changu nikiwa muzima."

Kisha akauliza ni nani aliyeitengeneza video hiyo. Wakaifungua tena. Safari hii hakuna aliyelia, kwa hiyo waliitazama mpaka mwisho, pale nilipoandika jina langu, kubwa kuliko lake.