Mkwaruzo wa Ubeti wa Tatu

Fundi mwenyewe hafichi: siku ile mjinga alikuwa yeye.

Saa tatu asubuhi hii yuko pale pale alipofanyia ujinga wake, kwenye chumba cha hatua tatu kwa nne, spika zimepangwa hadi darini. Ameinamisha kichwa, sikio linakaribia kugusa karatasi ya spika, bisibisi kaiuma mdomoni kama mswaki. Mtaa mzima unamwita Masikio. Lori likipita nje, atakuambia boliti ipi imelegea.

"Miaka ishirini na sita nasikiliza makosa," anasema. "La kwangu mwenyewe sikulisikia."

Lilianzia msibani. Miaka mitatu iliyopita kitinda mimba wake, binti wa miaka kumi na tisa, aliugua Jumatatu, akazikwa Ijumaa. Baada ya maziko, kaka mkubwa wa Masikio, dereva mstaafu mwenye sauti ya honi, alitoa amri: jina la marehemu lisitajwe tena nyumbani, lisije likammaliza mama yake.

Masikio akatii. Siku ya nne alifungua karakana. Hakudondosha chozi. Zamani siku nzuri ilikuwa spika nne. Sasa akatengeneza saba.

"Watu wakanisifu, 'mwanamume huyo, jiwe!'" anacheka. "Jiwe kweli. Hebu jaribu kuishi na jiwe."

Mkewe alijaribu. Mwaka jana yakamfika shingoni, akafunga sanduku aende kwa dada yake.

"Hakunipiga, hakuninyima," anasema mama huyo. "Nilichoka kulia peke yangu katika nyumba ya watu wawili."

Wiki hiyo hiyo, vijana wanne wa bendi ya roki walileta spika iliyobingirika kwenye ngazi. Wakamwachia na flashi yenye wimbo wao, aijaribie.

Masikio akabadilisha karatasi, akawasha. Gitaa likaingia polepole, kama mtu anayebisha hodi kwa wenye msiba. Zikafuata ngoma, nzito, zikapanda mpaka misumari kwenye kopo ikaanza kucheza. Halafu, ubeti wa tatu, sauti ya mwimbaji ikakwaruza.

Akazima. Akafungua spika, akasuka upya waya wa shaba. Mkwaruzo uko pale pale. Akafungua mara ya tatu, gundi ikamganda hadi kwenye nyusi. Akahamishia wimbo kwenye spika nyingine: mkwaruzo ule ule. Akapiga simu, moto unamtoka puani.

"Njooni mchukue takataka zenu! Mmerekodi vibaya!"

Alikuja mwimbaji, msichana mfupi mwenye mkoba mgongoni. Akasikiliza, akatabasamu.

"Mzee, hapo hapajaharibika. Hapo nilikuwa nalia. Nilikuwa namwimbia marehemu mama. Tulitaka kurudia, tukaona tupaache."

Masikio akaurudisha wimbo nyuma, akausikiliza tena. Safari hii hakutafuta kosa.

Fundi cherehani wa chumba cha pili anakumbuka ukelele wa Masikio uliopita ukutani. "Nikajua umeme umemkamata," anasema. "Nikaja mbio na mpini wa ufagio nimbandue. Nilishamtandika mara mbili ndipo akaniambia kinachomliza ni wimbo!"

Jioni hiyo Masikio aliibeba spika begani hadi nyumbani. Mkewe alikuwa amekaa juu ya sanduku. Masikio akachomeka waya. Ulipofika ubeti wa tatu, akatamka jina la binti yao. Mara moja tu.

"Nilihisi kama mtu amefungua dirisha," anasema mkewe. Sanduku liko uvunguni hadi leo, limejaa spea za spika.

Tangu hapo Masikio ndiye fundi wa bendi ile. Kutoka nyuma ya jukwaa ameshuhudia watu mia nne wakiingia ukumbini wakitaniana. Ubeti ule ukifika, mabega yanatetemeka kwa kilio. Kisha wanatoka wamenyooka migongo, kama waliotua mizigo ya kuni. Ameyaona hayo mara kumi na moja, na bado nywele zinamsimama.

Anainua spika iliyo wazi. "Nimefungua maelfu ya hizi. Ndani mna sumaku, waya na karatasi, basi. Sasa niambie wewe: kile kinachomwingia mtu hapa," anagusa kifua, "kinatokea wapi?"

Anangoja jibu kwa dhati.

Mwezi ujao, siku ambayo binti angetimiza miaka ishirini na miwili, bendi itapiga uani kwake, na majirani wote wamealikwa. Kwa ajili hiyo anaunda kasha la spika la mbao, kimo cha mtu. Kaka mkubwa, aliyefika kulikagua, hataki hata kusikia.

"Muziki ni wa kuchezesha mabega!" anafoka, akilipiga kasha teke. "Nyinyi mnataka kutonesha kidonda mbele za watu? Nilishasema, mambo haya yafunikwe!"

Mke wa Masikio ana msasa mkononi. Haachi kusugua mbao.

"Miaka miwili tuliyafunika, shemeji. Alipona nani?"