Wembe wa Bi Barkahoum

Mwalimu Houria alikuwa mng'ang'anizi, jamani! Mtoto akileta jibu alilolitoa kwenye simu, lazima aulizwe, "Nani mwingine kasema?" Akileta kurasa tatu, Houria anazisoma zote, kisha anacheka: "Hizi zimenakiliana. Huyu ni mtu mmoja tu. Rudi katafute!" Wazazi wa mji wa Tolga walimchoka. Hata bintiye Rayhana, aliyesoma darasani mwake, alimchoka.

Basi msimu wa kuvuna tende, mwana mdogo wa Houria, Seifeddine, akatia mkono chini ya makuti makavu, nge akamuuma. Kilio chake kiliwatoa watu mashambani. Mama mkwe wa Houria, Bi Barkahoum, akaja na kamba na wembe.

"Mfungeni mkono tumchanje, damu mbaya itoke. Upesi!"

"Ndivyo," akasema jirani.

"Ndivyo kabisa," akadakia wa pili.

Houria, yule yule wa maswali, akili ikamruka. Mtoto alikuwa analowa jasho, mate yanamtoka. Akaushika mkono wake, akaunyoosha mbele ya wembe.

"Mwalimu," Rayhana akaita. Hakusema mama. "Hawa wamesikia kwa nani?"

"Nyamaza!"

"Kwa nani?"

Majirani wakamgeukia mwenye wembe. Wote walisikia kwa Bi Barkahoum. Lo! Houria aliona aibu, kisha akakumbuka. Kitabu cha sayansi kilikataza kuchanja. Nesi aliyewahi kuja shuleni naye alikataza, kwa yale aliyoyaona wodini. Houria akambeba mtoto, mbio hadi kwenye gari.

"Akifa, damu yake i juu yako!" mama mkwe akafoka, lakini naye akapanda. Njia nzima alilaani.

Hospitalini mtoto akadungwa dawa ya sumu ya nge. Wanawake wale wawili wakakaa benchi moja mpaka nesi akatoka kusema mtoto anapumua vizuri, anaomba maji.

Houria akaangua kilio. Bi Barkahoum akapandisha gauni taratibu, akaonyesha kovu refu mguuni.

"Tuliumwa na nge kiangazi kimoja, mimi na dada yangu Fatna. Tukachanjwa wote wawili."

"Fatna? Mbona sijawahi kumsikia, mama?"

"Utamsikia wapi, mwanangu? Watu huniuliza mimi kama wembe unaponya. Mimi ndiye niliyebaki."