Bosi Hakuwa Mlevi

Nikisema "enzi zetu", mama hucheka hadi anaacha kumenya ndizi. "Enzi zipi, na kidato cha nne hujamaliza?" Acha acheke. Kwangu enzi zetu ni ule wakati Bosi, mbwa wetu, alikuwa bado anasikia.

Tulikuwa wadogo, hapa hapa Nyakakika. Bosi alikuwa chotara: mama yake mbwa wa kijijini wa masikio yaliyosimama, baba yake dume la mfanyabiashara mmoja wa Kayanga, masikio yananing'inia kama majani makavu ya mgomba. Akarithi ya baba. Mimi nilikuwa na aibu mno. Wageni wakija, natoa shikamoo kwa sauti ya mbu, kisha nakimbilia shambani. Ya moyoni nilimwambia Bosi. Nainua lile sikio zito kama pazia, nasogeza mdomo, nasema nani kanipiga shuleni na kwa nini nimelia. Sikio lilikuwa na joto, linanuka vumbi na moshi wa jikoni. Nikirudi shule alinijua kwa mlio wa ndala zangu tangu kule kwenye mibuni, anakuja mbio.

Jumamosi ndiyo ilikuwa raha. Asubuhi tunateka maji bondeni, Bosi anaogelea, anatoka ametota, hakuna anayemfuta. Mchana babu anakamua ndizi mbivu kwa miguu ndani ya mtumbwi wa pombe, na sisi tunagombania juisi ya kwanza, tamu ajabu. Halafu anatia mtama wa kukaanga, anafunika kwa majani ya mgomba, na kesho yake ni rubisi. Ua mzima unanuka uchachu. Bosi alilala ubavuni mwa mtumbwi ule. Naye akinuka uchachu, nani angeshangaa?

Akaanza kutikisa kichwa, masikio yanapiga mashavu pa, pa, pa. Tukasema ni nzi. Akawa anajikuna huku analia. Tukasema viroboto. Siku moja nikainua pazia langu nimwambie jambo, akalia kwa uchungu, akanikwepa. Ndani palikuwa pekundu, pana uchafu wa kahawia kama machicha ya pombe, na harufu ile ile ya mtumbwi. Nikamwambia babu.

"Huyo analamba machicha, waitu. Mlevi huyo."

Baadaye akawa anatembea kichwa kimelala upande, anazunguka, anajikwaa. Wanywaji wa babu walicheka hadi wakamwaga pombe.

"Bosi, leo umekunywa za nani?"

"Mwacheni, anatafuta njia ya kwake!"

Mpaka bwana mifugo alipokuja kumtazama ndama. Akamwona Bosi anapepesuka, akachuchumaa, akanusa sikio.

"Mzee, huyu hajalewa. Anaumwa masikio, tena ugonjwa umeshaingia ndani kabisa."

"Si rubisi hiyo?" babu akauliza.

"Hapana, mzee. Sikio lililolala halipitishi hewa, maji yakiingia yanakaa humo, na ugonjwa unapata makao. Mngeniita alipoanza kutikisa kichwa."

Alimsafisha, akatuachia dawa ya matone, akatuonya tusichokonoe kwa kijiti wala kumimina mafuta. Maumivu yaliisha, kichwa kikarudi karibu wima. Kusikia hakukurudi. Babu aliuhamishia mtumbwi nyuma ya nyumba, na tangu hapo mgeni akimwita Bosi mlevi, babu anamnyang'anya kikombe.

Sasa tuna Kito, mtoto wa Bosi, masikio yale yale. Kila Jumamosi, na kila akitoka majini, namkausha masikio kwa kitambaa, pale kidole kinapofika tu. Natazama wekundu, nanusa. Mdogo wangu ananipiga picha na simu ya mama: "Dada ananusa mbwa!" Watoto wa siku hizi bwana, hata siri zao wanazitangaza kwenye simu. Sisi tulikuwa na sikio moja tu, na halikutoa siri ya mtu.

Bosi bado yupo, amezeeka, analala juani. Bado naliinua lile pazia mara moja moja, ila sijui tena la kusema. Ukimgusa ghafla anashtuka, anang'ata. Kwa hiyo nikirudi shule, ndala zangu zikilia vile vile, nazunguka kwanza nyuma ya mibuni, nasimama upande upepo unakotokea, nangoja pua yake inijue.