Niliwaambia Majani ya Mama Mkubwa ni Sumu

Kosa ni langu, msinitafutie wa kumsingizia. Nimelibeba tangu msimu wa pamba na sasa limenishinda. Nalisema hapa kwa kuwa hamnijui.

Nasoma chuo, mambo ya dawa. Kwa utafiti wangu wa mwisho nilichagua majani ambayo mama mkubwa wangu, kule Zagayu, huwachemshia watu waliovimba magoti. Hata marehemu mumewe aliyanywa miaka na miaka. Nilitaka kujua kama kweli yanashusha uvimbe. Alivyofurahi sasa! Alinichumia mwenyewe gunia zima.

Kuyaanika ndiko nilikoharibu. Nilikuwa na haraka ya kurudi chuo, nikavuta turubai stoo ya nyumbani na kuyamwaga juu yake. Harufu niliisikia, jamani! Nikajiambia ni stoo tu inanuka.

Maabara tunawavimbisha panya miguu, tunawapa dawa ya majani, kisha tunapima uvimbe. Wangu hawakufika hata kwenye kupimwa. Waliopewa majani walikufa wote. Waliopewa maji matupu walikuwa wanatafuna chakula chao.

Badala ya kujiuliza, nikashika simu! Nikatuma sauti kwenye grupu la familia: "Acheni yale majani, ni sumu. Panya wamekufa wote." Nilijiona msomi kweli kweli.

Likizo nikarudi nyumbani. Namkuta kaka yangu uani anachanganya dawa ya kupulizia pamba, juu ya turubai lile lile!

"Hili kazi yake ndiyo hii kila msimu," akaniambia. "Kwani vipi?"

Nikainama nikalinusa: harufu ile ile ya stoo.

Nikarudia kazi yote kwa majani mapya, yaliyoanikwa kwenye ungo safi. Hakuna panya aliyekufa, na uvimbe ulipungua kiasi. Nikakimbilia Zagayu.

"Mayu, mwangaluka!" nikamsalimia kwa Kisukuma, kwa furaha, nikamweleza yote. Mama mkubwa alinisikiliza mpaka mwisho.

"Ng'wanone, mwanangu, unanifariji tu," akasema. "Baba yako mkubwa nilimnywesha asubuhi, nikamnywesha jioni. Kumbe nilimuua mimi."

"Mama, hospitali si walisema ni presha?"

"Hospitali hawakujua nilichokuwa nampa."

Nimechoka! Nimeeleza, nimelia, nimempelekea hadi kaka na turubai lake. Haambiliki. Ninapandwa na hasira, halafu nakumbuka kwamba wa kukasirikiwa ni mimi. Mti wenyewe ameshaung'oa, na magoti yake sasa yamevimba, anatembea ameshika ukuta.

Wewe unayesoma, ukipata jibu la kutisha, funga mdomo kwanza. Rudia kazi. Nusa hata turubai! Watu wetu wakishatuamini, wanatuamini moja kwa moja, na hawarudi nyuma tunapowaita.

Ile sauti yangu bado anayo kwenye simu. Akiwa peke yake anaisikiliza. Nilimwomba aifute, akakataa. Anasema siku ile ndiyo nilimwambia ukweli.